Ukurasa wa Jumatatu ya Pasaka

Ilula, Kilolo,
Iringa.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Lusia, mke mwenzangu,

Kamwene. Hamjambo huko Mbeya? Baridi imewaachia, au bado mnalala na masweta? Mumeo Anyitike kile kikohozi kimekwisha, au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Na mwanao Ezron, mume wangu mdogo, anaendeleaje? Analala vizuri? Jino la mbele limeota? Mwambie mke wake mzee wa Ilula anamsalimu na bado hajaolewa na mwingine.

Mimi sijambo kwa umri huu. Magoti yana kelele na macho yanataka miwani hata kumtambua kuku wangu mwenyewe, ila nyanya nauza pale barabarani kama kawaida, na kanisani naenda kwa miguu yangu. Bibi yako Benedicta, wifi yangu, naye hajambo. Mdomo wake ndio unaotangulia kuamka kila siku.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu unanikatiza. Nikisema neno moja wewe umeshasema "sawa bibi, sawa bibi", na mtu anayesema sawa kabla hajasikia hajakubali kitu. Tena simu yangu inasikika mpaka kwa majirani, na haya ninayoandika ni ya kwako kwanza. Baba yako Philbert alitaka kuniandikia, nikamwambia akae na randa zake za useremala. Darasa la nne langu lilikuwa darasa la nne kweli, tulichapwa.

Ujumbe wako mrefu nimeusoma kwa siku mbili, nimeegemea matenga ya nyanya. Umeniuliza swali moja: utie saini Ezron aingie kwenye ule utafiti wa dawa mpya, au usitie. Umesema madaktari wanajaribu dawa kwa watoto wenye ugonjwa wake, ambao ubongo wao haupati nguvu kutoka kwenye chakula kama wetu unavyopata, ndiyo maana wanaanguka degedege. Umesema wanapokea watoto walioanguka ndani ya miezi sita ilhali chakula chao cha mafuta, kisicho na unga wala sukari, kimeshikwa barabara. Na ukaandika kwamba Ezron anafaa, kwa sababu Pasaka alianguka mara mbili hapa kwangu bila sababu, na daftari lake daktari ameliona.

Huo mstari wa Pasaka nimeusoma mara nyingi kuliko mingine. Nitaufikia. Kwanza nikueleze mambo yangu ya hospitali, maana hayo ndiyo yamenifundisha cha kukujibu, na wewe ni mvivu wa kusikiliza mambo ya wazee.

Unajua moyo wangu umenisumbua tangu mwaka juzi. Unakimbia kama kuku aliyeona mwewe, unasimama kidogo, halafu unapiga teke. Benedicta naye hivyo hivyo. Hospitalini Iringa walitubandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka ina milima. Milima ya moyo mzima inajipanga mstari kama watoto wa shule. Yetu ilikuwa kama mwandiko wa mtoto wa chekechea. Ndipo daktari mmoja kijana, Dokta Marcelino, akatuuliza kama tungependa kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya ya mapigo ya moyo. Hii ilikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka jana.

Alieleza taratibu, sikatai. Dawa zetu za kawaida tutaendelea nazo. Juu ya hizo, nusu ya watu watapata kidonge chenye dawa mpya, na nusu watapata kidonge kinachofanana nacho kwa rangi na ukubwa, lakini ndani hakina dawa. Nani kapata kipi, kompyuta ndiyo inajua. Yeye mwenyewe hajui.

Benedicta akamwuliza, "Sasa daktari asiyejua anampa mgonjwa nini, ni daktari au mpiga ramli?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Bibi, nikijua nani ana dawa, nitamwona amepona hata kama hajapona. Macho ya mtu huona anachokitaka."

Neno hilo nililipita kama maganda ya karanga njiani. Leo nimerudi kuliokota.

Tukatia saini. Mimi niliandika jina, sikuweka dole gumba, lijue hilo. Kila mmoja akapewa chupa yake yenye namba yake, na agizo la kurudi nayo kila mwezi ili vidonge vilivyobaki vihesabiwe.

Sasa sikiliza upumbavu. Mwaka ulipoanza, moyo wangu ukatulia. Nikawa napanda kile kilima cha kisimani bila kupumzika. Benedicta hakutulia. Akawa anashika kifua, anakaa juu ya ndoo katikati ya wateja. Nikajua moja kwa moja kwamba mwenzangu kapewa vidonge vitupu.

Wewe umezaliwa nyumba hii, unajua tunavyoishi. Nilipoolewa, mama mkwe wangu alitukalisha mimi na Benedicta, wakati huo bado msichana, akatupa chungu kimoja. Akasema mawifi wanaopika vyungu viwili, nyumba yao ina nyufa mbili. Tangu siku ile, mwaka wa njaa, mwaka wa msiba wa babu yako, na hata Benedicta alipofiwa na mumewe akarudi hapa, sijapata kushiba yeye akalala njaa. Sasa nimeze dawa peke yangu, namtazama mwenzangu anakwisha, eti kwa sababu kompyuta imesema? Kompyuta hiyo ilichezwa ngoma na nani, ikafundwa adabu?

Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikamwaga chupa yangu, nikamwaga na yake, nikatikisa. Kila asubuhi tunaingiza vidole bila kutazama, yeye anatoa kimoja, mimi natoa kimoja. Siku ya kwenda Iringa tunarudisha vilivyobaki kwenye chupa, sawa kwa sawa. Vikihesabiwa, havipungui wala havizidi. Sista Anjela, muuguzi anayevihesabu, alitusifu mbele ya wagonjwa wote, kwamba mabibi wawili wa Ilula ndio wenye hesabu safi kuliko watu wa mjini. Nami nilikaa pale na kitenge kipya, nimenyoosha shingo, napokea sifa.

Miezi saba tulifanya hivyo. Moyo wangu ukaanza tena mateke yake. Wa Benedicta siku nyingine unatulia, siku nyingine hautulii. Dokta Marcelino akawa anatazama karatasi zetu kama fundi anayetazama ukuta alioupima sawa ukajengeka upande. Ananiuliza, "Bibi, kidonge unameza kila siku?" Najibu, "Kila siku." Na ni kweli. Mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akawa mwongo, hilo nimelijua uzeeni.

Halafu mwezi uliopita ukaja ujumbe wako. Nikasoma pale uliposema madaktari wanategemea yaliyoandikwa juu ya watoto wa kwanza ili kujua cha kumpa Ezron. Nikaweka simu juu ya tenga. Nikawaza, je, kati ya mama za hao watoto wa kwanza akiwemo mpumbavu mwenye kopo lake? Dawa nzuri itaonekana mbaya, au mbaya itaonekana nzuri, na atakayeimeza ni Ezron wangu.

Nikamwambia Benedicta, "Tunakwenda kusema."

"Watatufukuza."

"Watufukuze."

"Na ile sifa ya Sista?"

Anajua panaponiuma, yule mwanamke.

Dokta Marcelino alianza kutusikiliza akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akauliza, "Kwa nini hamkuniambia?"

Benedicta akasema, "Tungekuambia ungetukataza."

"Ningewakataza, ndiyo."

"Basi ndiyo maana."

Akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. Sijui alikuwa anazuia kicheko au kitu kingine. Akasema, "Bibi zangu, mlidhani mnagawana uzima. Lakini dawa hii bado hatujaijua vizuri. Kama ingemdhuru mmoja wenu, nisingejua ni nani wa kumwahi. Tena huenda wote wawili mlikuwa na vidonge vitupu, na huu moyo wako ulitulia kwa dawa zako za zamani."

Hilo la mwisho sikulipenda. Lakini la kwanza ndilo lililoingia. Mimi niliwaza dawa ni kama chakula, kilicho kizuri kwangu ni kizuri kwako, na anayekula peke yake ni mchoyo. Sikuwaza kwamba kumgawia mtu kunaweza kuwa ndiyo kumficha asionekane anapozama.

Vidonge vya utafiti vikasimamishwa, damu ikachukuliwa. Wakubwa wa utafiti ndio wataamua, na mpaka leo hatujajibiwa. Dawa za kawaida tunaendelea nazo, kila mtu na pakiti yake, na Benedicta yake ameifunga kwenye upindo wa khanga kana kwamba nitamwibia.

Ila nililotaka ulione ni hili. Daktari alifungua faili langu, pale palipoandikwa kwamba nimemeza vidonge vyangu vyote. Nilidhani atafuta. Hakufuta. Alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno, bado yanasomeka, pembeni akaandika kilichotokea, akaweka tarehe na jina lake. Nikamwuliza kwa nini hafuti akamaliza. Akasema, "Nikifuta, kesho hakuna atakayejua kwamba palikuwa na kosa, wala nani alilisahihisha."

Nimerudi Ilula na maneno hayo kama mtu aliyemeza kokwa.

Habari nyingine. Nyanya zimekubali mwaka huu, ila abiria wa mabasi wanazibinya kama wanapima kama zina homa, halafu wanaondoka. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja nimemwita wa Ezron. Kigango chetu kimepata bati jipya, mvua ikija hatutanyeshewa, ila mahubiri hatutayasikia. Clement, yule jirani aliyekuwa anasema hataoa, ameoa, na sasa ananunua sabuni ya kunukia. Unaona nachelewa kufika. Naona hata mimi.

Sasa Pasaka.

Mlipokuja ulinipa orodha ya chakula cha mtoto. Parachichi, mayai, siagi, nyama yenye mafuta, mboga za majani. Ugali hapana, uji hapana, sukari hapana, asali hapana. Ulinisomea mara mbili mbele ya watu, kama vile mtoto ni mimi. Nilikasirika, Lusia. Nimezaa saba, nimezika wawili, halafu mtu niliyembeba mgongoni ananifundisha njaa ya mtoto. Nikasema moyoni, mtoto wa kwetu asiyejua uji wa ulezi atasimama kwa mfupa gani?

Jumatatu ya Pasaka ulikwenda kuoga. Ezron akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akawa anaangalia ninavyokoroga. Ningependa kukuambia aliomba. Hakuomba. Nilimpa mwenyewe, uji wa ulezi na vijiko vitatu vya asali, nikamwambia hii ni siri ya mke na mume. Alikunywa akalamba bakuli. Kabla ya saa sita mchana alianguka.

Ukalia, ukasema mbona chakula kimeshikwa. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa chake, nimenyamaza. Na sikia lililo baya zaidi. Nilijiambia ameanguka kwa njaa, kwamba bakuli moja halikumtosha. Jumanne ulipokwenda barabarani na Benedicta, nikampa la pili, akaanguka tena. Macho ya mtu huona anachokitaka.

Jioni ile ulitoa daftari lako la jalada la bluu, ukaandika siku zote mbili, na mwisho wa kila mstari ukaandika "bila sababu". Nilikuona unaandika. Nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua.

Sababu ilikuwepo, mjukuu wangu. Ilikuwa imekaa hatua tatu kutoka kwako, imejifunga kitenge kichwani.

Utauliza kwa nini nimekaa kimya miezi mitano. Kiburi. Usinitafutie neno lenye adabu. Hata kwa Dokta Marcelino nilikwenda kwanza kwa sababu kosa la kule lilikuwa jepesi. Nilikuwa nazoesha miguu kabla ya mlima wenyewe, na mlima wenyewe ni wewe.

Sasa swali lako. Kama dawa ile ni nzuri au mbaya mimi sijui, na angekuwepo anayejua wasingefanya utafiti. Huenda haya niliyosema yatamfungia Ezron mlango, waseme kumbe chakula chake kilikuwa kinamtosha. Huenda dawa ile ndiyo ingemsaidia, basi nitakuwa nimemdhuru kwa kunyamaza na kumnyima kwa kusema. Nimeligeuza jambo hili wiki mbili, halina upande laini. Lakini usitie saini juu ya uongo wangu. Mpelekee daktari wake barua hii aisome yote, hata pale nilipojisifu, halafu akuambie upya kama mtoto anafaa.

Akisema anafaa, mwulize mtoto akizidiwa ni nani atakayepokea simu, na ukitaka kumtoa katikati ni nani atakayekununia. Sisi tuliambiwa ruhusa ya kutoka ipo na hakuna wa kutununia. Usitie saini kwa kuogopa koti jeupe. Wala usikatae kwa sababu mama mkwe wako anasema mtoto ana mambo ya ukoo. Na ukikutana na mama mwenzako kwenye utafiti huo ambaye mtoto wake anaanguka na wako haanguki, najua utakavyojisikia, kwa kuwa damu yako ni yangu. Mgawie parachichi. Dawa usimgawie.

Mwambie pia Ezron kwamba ile siri yetu nimeivunja mimi, na kwamba yeye hana kosa. Nadhani ameibeba muda wote huu bila kusema, mtoto wa miaka sita. Hilo ndilo linalonikosesha hamu ya chakula kuliko yote.

Barua hii nampa Saulo, dereva wa fuso ya nyanya. Nampa na lile kopo. Nimelisugua kwa mchanga na kulichemsha. Weka humo dawa za Ezron na pakiti zake kama zilivyo, na asiingize mkono humo mtu mwingine, hata nikija mimi. Hasa nikija mimi.

Ukikasirika, kasirika. Usipopokea simu yangu mwezi mzima nitajua unapumua, nami nitasubiri.

Msalimie Anyitike na mama yake, na shemeji yako Eliezeri. Huku baba yako Philbert anakusalimu, anakutengenezea kabati na ameshaharibu milango miwili. Bibi yako Benedicta anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kwamba vidonge vya kweli vilikuwa vyake tangu mwanzo. Mungu ampe kila mmoja wenu chakula kinachomfaa kwa kipimo chake, na awape masikio ya kusikia mtoto anaponyamaza.

Na kabla hujaikunja barua hii, lete lile daftari la bluu. Fungua ukurasa wa Jumatatu ya Pasaka, na wa Jumanne yake. Usifute. Piga mstari mmoja mwembamba juu ya "bila sababu", maneno yaendelee kusomeka. Pembeni andika: uji wa ulezi na asali, alipewa na bibi yake. Weka tarehe ya siku utakayoandika. Na usiishie kwenye "bibi", mabibi tuko wengi. Andika jina lote, kama nilivyoliandika hapa chini.

Ni mimi ninayekupenda kuliko ninavyojua kukuonyesha,

Faustina Danieli Kikoti